Barua Iliyojaa Bidii

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Niliiandika usiku, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikaifungua niisome mara ya mwisho kabla sijaituma, jicho likaganda kwenye neno "bidii". Lilikuwa kwenye aya ya kwanza, likarudi kwenye ya pili. Kwenye ya tatu lilikuja limebadili nguo: mchapakazi, hachoki, anajituma, hufika mapema. Nikahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Mara tisa.

Binti niliyekuwa nampendekeza ndiye aliyegundua kwamba kaya zetu hazikuwa zilezile. Tulikuwa na data ya awamu mbili, watu walewale wamehojiwa tena baada ya miaka mitatu, na matumizi ya kaya yalionekana kuporomoka kwa kiasi ambacho kila mtu kwenye timu alikwisha kukitungia nadharia. Yeye akakaa na madodoso. Akaona kwamba vijana walipooa na kuhama, baadhi ya wadadisi waliendelea kuwahesabu kwa wazazi wao, na wengine wakawafungulia kaya mpya. Kaya zilikuwa zimegawanyika tu, umaskini haukuwa umeongezeka. Makala nzima ikageuka. Na mimi, katika barua ya kumwombea kazi ya utafiti, nikaona la kumsifia ni kwamba hufika mapema.

Kwenye kompyuta hiyohiyo ilikuwapo barua niliyomwandikia kijana wa kiume wa darasa lake miezi michache kabla. Nikazifungua zote mbili, moja kushoto, moja kulia. Kijana "ana kipaji". Kijana "anafikiri kwa uhuru". Kijana "ana jicho la mwanauchumi". Ni kijana mzuri kweli, simnyang'anyi lolote. Lakini kama mtu angenipa barua zile mbili bila majina akaniambia nichague mtafiti, ningemchukua yeye, na yule mwingine ningemtafutia kazi ya kusimamia ofisi.

Mimi mwenyewe ni mwanamke. Nimekaa kwenye semina nyingi ambazo nilipogeuka kutafuta mwanamke mwingine sikumwona. Nilijua ubaguzi unavyofanya kazi, nilikuwa naweza kuuhutubia saa nzima bila karatasi, na siku zote niliuona uko kwa wengine. Baadaye nilikuja kusoma kazi ya Markus Eberhardt, Giovanni Facchini na Valeria Rueda, iliyotoka katika The Economic Journal mwaka 2023. Waliipitisha kwenye kompyuta hazina ya barua 12,000 za mapendekezo zilizoandikwa kwa ajili ya wanauchumi zaidi ya 3,700 waliokuwa wanatafuta kazi ya kwanza ya chuo kikuu. Wanawake walielekea zaidi kusifiwa kwa maneno ya kujituma, na mara nyingine walisifiwa kidogo kwa uwezo wa akili. Waandishi wa barua hizo ni watu waliowatakia heri wanafunzi wao. Kama mimi.

Niliifuta barua nikaanza upya. Kazi ya kweli, hata hivyo, ilianza pale nilipojiuliza kwa nini bidii ndiyo iliyonijia kwanza kichwani. Jibu lilikuwa la aibu: kwa sababu bidii ndiyo niliyokuwa nimempa aifanye.

Utafiti wa uchumi unaotumia takwimu una jikoni na una sebule. Sebuleni kuna rigresheni, yaani hesabu za kupima jambo moja linavyohusiana na jingine, kuna majedwali, grafu zenye rangi, na mtu aliyesimama mbele ya watu akieleza sababu na matokeo. Jikoni ndiko data inakosafishwa. Unamkuta mtu wa miaka saba mwenye watoto watatu. Unakuta umri wa 99, nawe huna budi kuamua kama ni bibi kizee au ni alama ya mdadisi kwamba hakupata jibu. Unakuta kaya mbili zenye namba moja ya utambulisho, na eneo la shamba lililoandikwa kwa ekari kwenye fomu moja na kwa hekta kwenye nyingine. Kila uamuzi wa jikoni unaweza kubadili jibu la sebuleni, lakini anayepigiwa makofi ni wa sebuleni.

Nikazipitia faili za mradi wetu. Sisi huweka herufi za jina juu ya kila faili ya programu, ili ijulikane nani kaandika nini. Faili za kusafisha zilikuwa na herufi za mabinti wawili, moja baada ya nyingine, zaidi ya thelathini. Faili za makadirio, yaani za rigresheni, zilikuwa na herufi za kijana. Sikumbuki siku niliyogawa kazi hivyo. Nadhani sikuwahi kuigawa. Binti wa kwanza alisafisha faili moja vizuri, nikampa ya pili. Kijana aliisafisha moja vibaya, kwa haraka, basi nikampa kitu kingine afanye, na hicho kitu kingine kikawa rigresheni. Umakini wa mmoja ukamfungia jikoni, uzembe wa mwenzake ukamfungulia sebule. Hakuna aliyeshangaa, hata mabinti wenyewe.

Jambo hili ni la zamani katika fani yetu. Anna Schwartz alitumia miaka mingi kuijenga kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, takwimu ya fedha iliyobeba historia ya fedha ya Marekani aliyoiandika pamoja na Milton Friedman. Kitabu kilitoka 1963, na bado ni nguzo. Shahada yake ya uzamivu aliipata 1964, mwaka mmoja baada ya kitabu. Friedman alipewa Nobeli 1976, naye peke yake ndiye aliyepewa.

Nikabadili utaratibu. Anayesafisha data ndiye anayeendesha rigresheni ya kwanza juu yake, na anayetaka rigresheni lazima aanzie kwenye madodoso. Kijana alinuna wiki mbili. Baadaye alikuja kukiri kwamba makadirio yake ya awali yalikuwa na makosa ambayo asingeyaona bila kuingia jikoni. Kuhusu mabinti, nilitegemea furaha, nikapata woga. Yule wa kaya zilizogawanyika aliniambia, "Mwalimu, mimi si mzuri wa mambo ya makadirio." Nikamuuliza amejuaje. Akafikiri kidogo. "Sijawahi kupewa nifanye."

Ilipita kama wiki tatu akaja tena ofisini, akasimama mlangoni, akazungukazunguka na habari za ratiba, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo: "Mwalimu, samahani. Mimi niko wapi kwenye hii makala?"

Hakuwa popote. Alikuwa kwenye tanbihi ya ukurasa wa kwanza, "tunamshukuru kwa usaidizi wake bora". Tanbihi haimwajiri mtu. Nilimwambia ataingia kama mwandishi, nikadhani nimemaliza, tena nikajisikia mkarimu. Tangu hapo suala la waandishi tunalimaliza kabla hata data haijafika, kwa maandishi, kila mtu akiwa mezani. Kumwachia mwenye cheo kidogo jukumu la kuuliza ni kumtoza ushuru ambao mwenye cheo kikubwa halipi.

Na kuliweka jina lake hakukutosha, nilikuja kugundua. Katika uchumi majina ya waandishi kwa kawaida hupangwa kialfabeti, kwa hiyo msomaji hana njia ya kujua nani alileta wazo na nani alishika kalamu. Pengo hilo hujazwa na dhana. Heather Sarsons alifuatilia wanauchumi wa vyuo vikuu vya Marekani, akaona kwamba kwa mwanamume makala ya ushirika ilimsaidia kupata ajira ya kudumu karibu sawa na makala aliyoiandika peke yake. Mwanamke kadiri alivyoshirikiana zaidi na wanaume, ndivyo sifa ilivyomkwepa. Alipoandika na wanawake wenzake, hasara ilipungua. Kwa hiyo ushauri niliokuwa nautoa kwa moyo mweupe, "njoo uandike na mimi au na profesa fulani, jina lako lipande", ulikuwa na sumu ndani yake. Siku hizi nawahimiza wawe na angalau makala moja ya peke yao kabla ya kutafuta kazi, hata ikiwa ndogo. Na kila ninapoiwasilisha kazi yetu mahali popote nasema kwa kinywa changu: wazo la sehemu hii ni la fulani, mimi nilikuwa nimeshindwa. Hii hainigharimu kitu.

Halafu kuna ile semina, ambayo hata sasa sipendi kuikumbuka.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasilisha mbele ya idara nzima. Slaidi ya pili tu, mkono ukapaa. Swali kuhusu sampuli, ambalo jibu lake lilikuwa kwenye slaidi ya tano. Akalijibu. Likaja jingine kutoka kwa mtu yuleyule, halafu la mwenzake aliyetaka kulieleza swali la kwanza upya, halafu wawili wakaanza kubishana wao kwa wao, yeye amesimama na kidude cha slaidi mkononi kama mtu anayesubiri lifti. Dakika ishirini zikaisha kwenye slaidi ya pili. Matokeo makuu aliyakimbiza kwa dakika sita za mwisho. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimekunja mikono, namhurumia.

Nilimfuata korido. Nikamwambia asijali, amefanya vizuri, hata mimi nilipitia hayo. Akashukuru, akakusanya karatasi zake, akasema bila hasira kabisa, "Lakini Mwalimu, ulikuwa umekaa pale."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na cheo cha kutosha, dakika yoyote kati ya zile ishirini, kufungua mdomo na kusema "tumwache afike kwenye matokeo, halafu turudi". Maneno sita. Niliyahifadhi ili nimpe pole.

Pascaline Dupas, Alicia Sasser Modestino, Muriel Niederle na Justin Wolfers waliongoza kazi ya kuhesabu maswali katika semina nyingi za uchumi, swali kwa swali, na waliyaweka matokeo hadharani 2021. Wawasilishaji wanawake waliulizwa maswali mengi zaidi kuliko wanaume, na maswali hayo yalielekea zaidi kuwa ya kudharau au ya uhasama. Nilipoisoma nilijua kila sentensi ilikuwa inazungumzia chumba kipi.

Kwenye idara tulikubaliana, si bila mabishano, kwamba dakika kumi za mwanzo ni za maswali ya ufafanuzi tu, na mwenyekiti wa semina ana kazi ya kulinda muda. Mzee mmoja tunayeheshimiana alilalamika kwamba tunawalea watoto kwa pamba. Hapo nakubaliana naye nusu. Maswali magumu ndiyo kazi yetu, na makadirio yasiyoweza kuhimili swali hayafai kuchapishwa. Ndiyo maana sasa kila binti, na kila kijana, huja kwangu wiki moja kabla na tunamkaanga vilivyo: kwa nini kundi linganishi ni hili, nani alikataa kuhojiwa, makosa sanifu umeyapanga kwa kijiji au kwa mtu, ukiliondoa eneo moja jibu linabaki? Wengine hutoka wamekasirika. Siku ya siku hakuna swali la halali linalowakuta uchi. Yale yasiyo halali ni kazi yangu, niliye safu ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo limenifundisha kuliko vitabu vyote, nalo ni dogo sana. Binti mwingine, wa mradi mwingine, alituma makala yake ya kwanza kwenye jarida. Nilimuuliza mara moja imefikia wapi, akasema ilikataliwa. Nikampa pole, tukaendelea. Miezi minne baadaye nilihitaji kuona maoni ya wahakiki kwa sababu zangu mwenyewe, nikamwomba barua ya mhariri.

Ilianza hivi, kwa ufupi: hatuwezi kuichapisha makala hii katika hali yake ya sasa. Zikafuata kurasa tatu za lawama kutoka kwa wahakiki wawili, mmoja akiwa na hasira zake binafsi. Na chini kabisa, kabla ya salamu, sentensi moja kavu: ukiweza kuyajibu masuala haya, nitakuwa tayari kuipokea tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii haijakataliwa. Hii wameitaka."

Akadhani namtania. Alikuwa ameiweka kwenye folda ya zilizokataliwa na kuifungia. Hakuna kozi inayofundisha kusoma barua ya mhariri. Wenzake wa kiume walijua kwa sababu wao huzungumza na wakubwa korido, kwenye gari, baada ya mechi, wanaonyeshana barua, mtu anacheka, "hiyo ndiyo nzuri hiyo, rudi ukaifanye." Yeye alisoma barua yake peke yake usiku, ikamtosha.

Tulimwandikia mhariri kuomba muda, akatoa. Nikamwonyesha namna ya kujibu: nakili kila hoja ya mhakiki neno kwa neno, chini yake eleza ulichofanya na ukurasa gani, pale usipokubali sema kwa adabu na kwa ushahidi, na yule mwenye hasira mjibu kama vile ameuliza vizuri. Majibu yakawa marefu kuliko makala. Ilichukua raundi mbili zaidi. Nilimtahadharisha mapema kwamba huenda ikakawia. Erin Hengel amechambua makala za majarida makubwa ya uchumi na kuona kwamba zile za wanawake zimeandikwa kwa ufasaha zaidi na bado hukaa muda mrefu zaidi kwa wahakiki. Nilimwambia hivyo ili akijikuta anasubiri asidhani tatizo ni lugha yake.

Tangu siku hiyo folda yangu ya barua iko wazi kwa wote. Zimo za kukataliwa, zimo za matusi ya kistaarabu, imo moja ya mistari miwili ambayo mhariri alikosea jina langu. Mabinti huisoma kwa furaha isiyo na adabu.

Mengine nitayapita haraka. Uzazi: nilikuwa mstari wa mbele kudai kila mzazi, mama au baba, aongezewe mwaka kabla ya kupimwa kwa ajira ya kudumu. Nilidhani ni haki tupu. Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns waliangalia idara za uchumi 50 za juu Marekani wakaona kwamba sera ya namna hiyo iliwapandisha wanaume na kuwashusha wanawake: baada ya sera hiyo wanaume walichapisha zaidi katika majarida ya juu, wanawake hawakuongeza. Sijapata fomula nzuri. Ninachofanya ni kumuuliza mama mwenyewe anataka nini, maana mmoja alitaka kupunguziwa vipindi na mwingine alitaka msaidizi wa utafiti, na wote wawili tulikuwa tumewapa mwaka ambao hawakuuomba.

Kamati nazo. Majaribio ya Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba kazi zisizompandisha mtu cheo huombwa wanawake zaidi, na wao hukubali zaidi. Nikaweka sheria kwa mabinti wangu: mtu akikuomba uandike muhtasari, upokee wageni, uratibu sherehe, usijibu siku hiyo. Kaa siku mbili. Kisha, ukitaka kukataa, nitumie mimi kama kisingizio. Sema msimamizi wangu kanikataza. Mimi ni mzee, watanichukia mimi.

Pia tunakutana kila mwezi, watano au sita, wote wa fani zinazokaribiana, na kila mtu lazima awe ameisoma makala ya mwenzake kabla hajaja. Wazo si langu. Kamati ya Chama cha Wanauchumi cha Marekani inayoshughulikia hali ya wanawake ilianzisha mwaka 2004 warsha za namna hiyo kwa wahadhiri wanawake wachanga, na kwa kuwa maombi yalizidi nafasi, washiriki wakachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, jambo lililomfurahisha kila mwanauchumi maana lilitoa kundi linganishi bila kuombwa. Waliobahatika kuingia walikuja kuwa na machapisho mengi na ruzuku nyingi kuliko waliokosa. Mimi sina kura wala kundi linganishi. Nina viti sita.

Mwezi uliopita niliombwa kuendesha kamati ya ratiba ya semina. Nikahitaji mtu makini wa kuandika muhtasari. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuandika jina lake, yule wa kaya zilizogawanyika, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzetu kwa mkataba wake wa kwanza na bado ninamsimamia. Nikatuma.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili jioni jibu likaja.

"Shikamoo Mwalimu. Asante kwa kunifikiria. Nimeangalia ratiba yangu na kwa bahati mbaya sitaweza. Msimamizi wangu amenikataza kuchukua kazi za kamati muhula huu."

Muhtasari niliuandika mwenyewe. Kurasa nne.